Simu inayojua iko wapi: jinsi ya kuifanya ibadilike yenyewe, kuanzia Ipogolo hadi Tunduma

Simu janja ya kawaida inayouzwa Mwanjelwa au Miyomboni ina vihisi vitano au sita ndani yake, na wengi wetu tunavitumia kwa kazi moja tu: kugeuza picha ulalo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuviunganisha na maisha ya huku kwetu, ili simu inyamaze darasani na ibadani, ipige kelele sokoni, isikudanganye saa ukifika mpakani, na isikufie njiani. Tumeandika kwa kufuata Android, kwa kuwa ndiyo iliyojaa mifukoni.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili: simu haiijui hali yako, inakisia kwa dalili. Inaona imechomekwa kwenye chaja saa 4 usiku, inakisia umelala. Inaona redio ya gari imeunganishwa, inakisia uko safarini. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuchagua dalili, na dalili nzuri ni ile inayokula chaji kidogo na ambayo ikikosea haikutii hasara. Wazo hili limeanza kabla ya simu janja. Mwaka 1992 watafiti wa maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, walieleza beji ya kuvaa iliyotoa mwali wa infraredi kila baada ya sekunde 15 hivi, ili anayepigiwa simu atafutwe kwenye chumba alichomo. Beji ikisahaulika mezani, mfumo uliamini mwenyewe yupo mezani. Simu yako itakufanyia vivyo hivyo.

KAGUA KWANZA SIMU INA NINI

Usipange chochote kwa kihisi ambacho simu haina. Simu za bei ya chini mara nyingi hazina jairoskopu (kihisi cha kuzunguka kwa simu) wala kihisi cha mgandamizo wa hewa, hata kama kwenye boksi imeandikwa vingine.

1. Pakua phyphox kutoka Play Store. Ni ya bure, imetengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Vihisi ambavyo simu yako haina vitaonekana vimefifia. Kwenye Samsung nyingi unaweza pia kupiga *#0*#, na kwenye Xiaomi nyingi *#*#6484#*#*, ukapata menyu ya majaribio.

2. Laza simu juu ya meza iliyonyooka, fungua kihisi cha mwendo kinachohesabu na uzito wa dunia. Namba ya jumla itulie karibu na 9.8. Ikionyesha 9.2 au 10.4 simu ikiwa imetulia, kihisi kimepotoka, pengine kwa kuanguka. Kanuni za kugeuza simu, yaani maagizo ya aina ya "dalili hii ikitokea, fanya hivi", zitakusumbua.

3. Fungua kihisi cha mwanga. Ndani ya nyumba yenye balbu moja utaona makumi hadi mia chache. Nje kwenye jua la mchana ni makumi ya maelfu. Namba isipobadilika kabisa, tazama glasi ya kioo uliyobandika. Glasi zenye ukingo mweusi zilizokatwa vibaya hufunika kihisi hiki na jirani yake, kihisi cha ukaribu, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya skrini kuzimika katikati ya maongezi na kukataa kuwaka. Mtu hupeleka simu kwa fundi, kumbe dawa ni kubandua glasi.

4. Weka kiganja sentimita 2 juu ya spika ya kusikilizia. Kihisi cha ukaribu kiende 0, ukiondoa kiganja kirudi 5 au zaidi. Baadhi ya simu hazina kihisi halisi cha ukaribu. Zinakisia kwa sauti isiyosikika au kwa mguso wa skrini. Hizo hukosea zaidi, usizitegemee.

5. Sumaku: huku kwetu namba ya kawaida ni thelathini na kitu. Ikipanda hadi mamia, una kava la sumaku. Livue kabla ya kulaumu dira ya ramani.

6. Kihisi cha mgandamizo, kama kipo: Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, utaona kati ya hektopaskali (hPa) 820 na 840. Ukiteremka Kyela utaona zaidi ya 940. Usishtuke ukisoma kwenye utabiri wa hali ya hewa kuwa Mbeya ni 1,015. Hiyo imesahihishwa ionekane kana kwamba mji uko usawa wa bahari.

DALILI IPI UITUMIE

Saa, chaja, Bluetooth na kugeuza simu kifudifudi ni dalili za bei rahisi. Simu inazijua tayari, haihitaji kuzitafuta. Anza na hizo, na kusema kweli watu wengi hawahitaji kuvuka hapo.

Mnara wa mtandao ni wa kati: simu lazima iongee na mnara kwa vyovyote, hivyo kujua ni mnara upi hakuongezi chaji nyingi. Shida ni ukubwa wa eneo. Vijijini mnara mmoja hufunika kilomita kadhaa, na kwenye milima unashika minara ya ng'ambo ya bonde. Ukikaa Isanga au mabondeni chini ya Loleza, simu inaweza kurukaruka kati ya minara mitatu bila wewe kunyanyuka kitini.

Wi-Fi ni dalili sahihi sana, ila umeme ukikatika na rauta inazimika, na simu itaamini umeondoka nyumbani.

GPS iwe ya mwisho. Inakula chaji, ndani ya nyumba ya bati haioni satelaiti vizuri, na bila data huchelewa: lazima ipokee taarifa kutoka kwenye satelaiti zenyewe. Satelaiti moja inahitaji kama nusu dakika ya anga wazi kutuma taarifa za njia yake, na orodha kamili ya satelaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Ukiwasha ramani kwenye korongo la Kitonga ukiwa huna data, vumilia.

WEKA PROGRAMU NA UIPE RUHUSA

Kama una Samsung, angalia kwanza kwenye Mipangilio sehemu ya Modes and Routines. Inaweza kukutosha bila kupakua kitu. Kwenye iPhone fungua Shortcuts, halafu Automation. Kwa simu nyingine tunapendekeza MacroDroid, programu ya kuandika na kuendesha kanuni. Toleo la bure linaruhusu kanuni tano na lina matangazo. Tano zinatosha kwa kanuni nne za msingi zilizo hapa na moja ya kazi yako. Tasker ni kongwe na ina nguvu zaidi, lakini inauzwa na inamtaka mtu mwenye subira.

Ipakue Play Store tu. Usipokee faili la programu kwa WhatsApp, hata likitoka kwa ndugu. Programu za aina hii huomba ruhusa nzito, na ruhusa hizo hizo ndizo wezi wa mitandaoni wanazozitamani.

1. Fungua programu, kubali arifa yake ya kudumu ibaki juu ya skrini. Ukiificha, mfumo wa simu unaweza kuihesabu kama programu isiyotumika na kuiua.

2. Nenda Mipangilio, Programu, MacroDroid, Betri. Chagua isiwekewe vizuizi. Menyu hutofautiana kwa kila toleo, lakini neno la kutafuta ni betri.

3. Kwenye Tecno, Infinix na itel kuna hatua ya ziada ambayo wengi huikosa: fungua Phone Master, tafuta sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe, na uiruhusu MacroDroid. Halafu fungua orodha ya programu ulizotumia karibuni na uifunge kwa alama ya kufuli. Usipofanya hivi, kanuni zitafanya kazi siku ya kwanza na kukata asubuhi yake.

4. Ruhusa ya mahali: toa tu kama utatumia minara, Wi-Fi au GPS. Kuanzia Android 11 kisanduku kinachotokea hakina chaguo la kuruhusu kila wakati. Lazima uingie mwenyewe kwenye mipangilio ya programu uliweke. Hapa ndipo kanuni nyingi za mahali zinapofia.

5. Ruhusa ya kusoma arifa usiitoe. Hakuna kanuni hapa chini inayoihitaji, na arifa zako zina meseji za pesa na namba za uthibitisho.

Ujue pia mipaka. Tangu Android 10 programu za nje haziruhusiwi kuwasha na kuzima Wi-Fi moja kwa moja, na kwa data au hali ya ndegeni mlango umefungwa tangu zamani zaidi, isipokuwa kwa ujanja wa kompyuta ambao hatuuelezi hapa. Wanaokuambia simu yako inaweza kuzima bando yenyewe ukifika nyumbani hawajaijaribu kwenye simu mpya.

KANUNI YA USIKU

Hii ianze, kwa sababu ukiielewa umeelewa zote. Kabla ya kuiandika, panga hali ya Usinisumbue ndani ya Mipangilio: ruhusu kengele, ruhusu simu za watu uliowawekea nyota kwenye majina, na washa kipengele cha wanaorudia kupiga. Mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. Usiku wa manane mwenye msiba au mgonjwa atapiga mara mbili. Mwenye kuuliza bei ya mahindi atasubiri.

1. Bonyeza Add Macro, uipe jina Usiku. Utaona sehemu tatu: nyekundu ni kisababishi, ya bluu ni kitendo, ya kijani ni sharti.

2. Kwenye nyekundu chagua Power Connected, chaja ya aina yoyote. Ongeza kisababishi cha pili hapohapo: saa 23:00. Kanuni moja hubeba visababishi kadhaa, na kimojawapo kikitimia inatosha. Cha pili ni kwa ajili ya usiku ambao umeme haupo kabisa.

3. Kwenye kijani weka muda kati ya 21:00 na 05:00. Saa za programu zinahesabiwa kutoka usiku wa manane, kwa hiyo saa 3 usiku ni 21:00. Ukiandika 3:00 umeandika saa 9 alfajiri, na kosa hili ndilo la kwanza kulitafuta kanuni isipofanya kazi.

4. Kwenye bluu weka Usinisumbue, na mwangaza wa skrini asilimia 10. Programu itaomba ruhusa mbili, za Usinisumbue na kubadilisha mipangilio. Toa zote.

5. Tengeneza kanuni ya pili, Alfajiri. Kisababishi ni saa 05:30. Kitendo: ondoa Usinisumbue, mlio asilimia 80, mwangaza urudi kujirekebisha.

Wengi huweka kutoa chaja kuwa mwisho wa usiku. Inaonekana ni akili, lakini TANESCO wakikata saa 8 usiku simu itaona chaja imetoka, itaamini kumekucha, na kundi la WhatsApp la ukoo litakuamsha. Dalili ya kuingia na dalili ya kutoka zisiwe pande mbili za kitu kimoja, hasa kama kitu chenyewe kinategemea umeme. Ukiangalia kanuni yetu, umeme ukirudi na kukatika mara tano inajiwasha upya mara tano, na kila mara inafanya kile kile. Haina madhara.

DARASANI, KIKAONI, IBADANI

Shule na makanisa mengi hayana Wi-Fi ya kutegemea, na GPS kwa ajili ya kunyamazisha simu ni kupoteza chaji. Tumia mkono: ukilaza simu kifudifudi, inyamaze.

Kisababishi ni Flip Device, kutoka chali kwenda kifudifudi. Kitendo ni mtetemo mfupi mmoja, kisha sauti zote sifuri. Mtetemo tunausisitiza kwa kila kanuni inayobadilisha sauti: usipojua kwamba simu imejinyamazisha, utagundua baada ya kukosa simu sita. Kanuni ya kurudi ni kinyume chake, kifudifudi kwenda chali, nayo ina mtetemo. Hapa kuingia na kutoka kunaweza kuwa kitu kimoja kwa sababu ni wewe unayegeuza simu.

Kinachokwenda mrama ni mfuko. Simu iliyo kwenye mfuko wa shati hulala kifudifudi ukiinama kupalilia au kufunga kamba za viatu. Mwalimu anaweza kuongeza sharti la Jumatatu hadi Ijumaa, 07:30 hadi 15:00. Kwa ibada, ambazo siku na saa hubadilika, bora uache bila sharti na uizoee.

Kanuni zako tayari zimefika nne. Ya tano uichague kwa kazi yako, kati ya hizi zinazofuata.

BARABARANI

Kwa dereva wa gari lenye redio ya Bluetooth, kisababishi ni kuunganishwa na redio hiyo kwa jina lake, si kifaa chochote cha Bluetooth, maana utavaa spika za masikioni nyumbani na simu itadhani uko Igawa. Vitendo: mlio hadi mwisho, arifa zinyamaze, skrini iwe na mwangaza kamili. Mwisho wake uwe kukatika kwa redio pamoja na kusubiri dakika 5, kwa sababu ukizima gari kujaza mafuta hutaki kila kitu kirudi nyuma.

Bodaboda hatumshauri spika za masikioni, hilo halina mjadala. Kinachobaki ni utambuzi wa mwendo, ambapo programu inauliza huduma za Google kama mwenye simu anatembea, anaendesha baiskeli au yumo garini, na inajibiwa kwa asilimia ya uhakika. Pikipiki haimo kati ya majibu. Kwenye lami inaonekana kama gari, kwenye vumbi lenye mashimo inaonekana kama lolote. Weka kiwango cha uhakika asilimia 75, na usifunge juu yake jambo lenye uzito. Kuongeza mlio, sawa. Kutuma ujumbe kwa mteja kwamba umefika, hapana.

Kwa safari ndefu kuelekea Dar es Salaam, pakua ramani za Google za nje ya mtandao kwa kipande chote kuanzia Mbeya hadi Mikumi kabla ya kuondoka. GPS haihitaji bando, ramani ndiyo inayohitaji. Na kwenye vipande visivyo na mnara betri huisha haraka kuliko kawaida, kwa sababu simu inapaza sauti yake ya redio na kutafuta bila kuchoka. Kwa mkono wako weka hali ya ndegeni. GPS kwenye simu nyingi itaendelea kufanya kazi.

MPAKANI: SAA INAYOBADILIKA PEKE YAKE

Hapa uwezo wa simu kutambua mahali unageuka kuwa kero. Zambia na Malawi ziko saa moja nyuma ya Tanzania. Ukilala Tunduma au Kasumulu, simu ikishika mnara wa upande wa pili inapokea na saa ya upande wa pili. Kengele uliyoweka saa 11 alfajiri italia saa 12 kwa saa za Tanzania, na basi limeshaondoka. Fanya hivi kwa kila laini:

1. Mipangilio, Mfumo, Tarehe na saa. Zima kuchagua ukanda wa saa kiotomatiki, kisha chagua Dar es Salaam, GMT+3. Kuchukua saa yenyewe kutoka mtandaoni kuache kumewaka. Tatizo ni ukanda, si dakika.

2. Mipangilio, Mtandao, chagua laini, zima kuchagua mtandao kiotomatiki. Subiri dakika moja au mbili orodha itokee, gusa mtandao wa kampuni ya laini yako ya Tanzania.

3. Zima data ya kutumia nje ya nchi. Hii pekee haizuii simu kupokelewa kupitia mnara wa jirani, na kupokea kunaweza kutozwa, ndiyo maana hatua ya 2 ipo.

4. Kama kanuni ya tano bado unayo, weka kisababishi cha Roaming kuanza, na kitendo cha mtetemo mrefu pamoja na ujumbe: umeshika mtandao wa nje.

Baadhi ya simu hurudi kwenye kuchagua kiotomatiki zikizimwa na kuwashwa, hasa baada ya betri kuisha kabisa. Kwa hiyo kagua hatua ya 2 kila simu ikizimika. Dereva anayevuka kweli kwenda Lusaka au Lubumbashi arudishe kiotomatiki, na aongeze saa ya pili ya Dar es Salaam kwenye programu ya saa. Wakala wake wa Tunduma anafuata saa ya Tanzania.

SOKONI

Kelele za Kabwe au Mashine Tatu zinameza mlio wa kawaida. Hapa mahali panahitajika kweli, kwa sababu saa za kwenda sokoni hazitabiriki. Jaribu minara kwanza. Kisababishi ni Cell Tower. Tengeneza kundi liitwe Soko, ruhusu programu irekodi minara huku ukitembea eneo lote la soko kwa nusu saa. Ukirudi nyumbani rekodi kundi la pili. Futa kwenye Soko kila mnara uliojitokeza pia nyumbani. Ukibaki mmoja au miwili, umefaulu. Usipobakiwa na kitu, na kwa wanaoishi karibu na soko au mlimani ndivyo inavyokuwa, hamia kwenye uzio wa ramani, yaani duara unalolichora kwenye ramani ili simu ijue umeingia au umetoka.

Uzio usiwe mdogo. Google wenyewe wanashauri nusu kipenyo isipungue mita 100 hadi 150, na sisi huku tunaweka 250. Mjini simu husaidiwa na Wi-Fi za maduka hata kama hujaunganishwa nazo, ikapata mahali kwa makosa ya mita 20 hadi 50. Kwenye mnada wa kijijini kusiko na Wi-Fi, kosa linaweza kuwa mamia ya mita hata kilomita. Kanuni haitawaka mara tu unapoingia getini. Tarajia dakika mbili au tatu, na simu ikiwa imetulia mahali pamoja, hata sita. Kitendo ni mlio asilimia 100 na mtetemo. Kutoka: saa 18:30, si kuondoka kwenye uzio.

BARIDI, JOTO NA MVUA

Juni hadi Agosti, asubuhi za Makete na Njombe, betri yenye asilimia 40 inaweza kuzima simu ghafla na ikipata joto ikarudi na 30. Haijaharibika, baridi hupunguza kasi ya kemia ndani yake, na simu inakosa nguvu ya papo kwa papo. Iweke mfuko wa ndani. Kama imelala nje kwenye jalidi, usiichaji kabla haijapata joto, kwa kuwa kuchaji chini ya nyuzi 0 huharibu betri moja kwa moja.

Joto ni adui mkubwa zaidi, hata huku. Simu inayochajiwa kwa sola juu ya bati au kwenye dashibodi hupika. Weka kisababishi cha Battery Temperature kupanda juu ya nyuzi 42, kitendo kiwe mlio na maneno: nitoe juani.

Kwa chaji kupungua huhitaji kanuni. Mipangilio, Betri, Kiokoa betri, panga kiwake chenyewe asilimia 25.

Wenye kihisi cha mgandamizo hutamani kengele ya mvua: mgandamizo ukishuka, simu ipige. Usifanye. Kwenye nchi za tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, hata jua likiwaka. Unafika juu karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, unashuka chini karibu na saa 10 jioni na saa 10 alfajiri, tofauti ikiwa kama hPa mbili au tatu. Simu yako itatangaza mvua kila alasiri mwaka mzima. Kwa mwinuko ni kizuri sana: huku hPa moja ni takriban mita 10 za mlima.

SIMU YA MTU MWINGINE

Wenye bajaji na maduka huuliza kama wanaweza kuweka kanuni hizi kwenye simu ya kijana wao ili wajue alipo. Mahali alipo mtu ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mweleze, akubali, na ajue jinsi ya kuizima. Kama unataka kujua bajaji ilipo, funga kifaa kwenye bajaji.

KANUNI ISIPOFANYA KAZI

Fungua kumbukumbu ya matukio ndani ya programu, System Log, na utafute saa ambayo ilipaswa kuwaka.

Kama hakuna kitu chochote kilichoandikwa saa hiyo, programu iliuawa. Rudi kwenye betri na Phone Master. Kama kisababishi kimeandikwa lakini kitendo hakipo, sharti halikutimia au ruhusa imeondolewa. Android hunyang'anya ruhusa za programu ambayo hujaifungua kwa miezi kadhaa, hivyo ifungue mara moja moja na uzime kipengele cha kuondoa ruhusa. Kama vyote viwili vimeandikwa na simu bado inalia darasani, kanuni nyingine imekuja nyuma yake ikabatilisha. Mara nyingi ni ile ya Alfajiri au ya Soko. Zima moja moja hadi umpate mkosaji.

Ukinunua simu nyingine, hamisha kanuni zote kama faili moja kutoka kwenye menyu ya programu. Minara na saa zitahamia salama. Ruhusa hazihami, na redio ya gari lazima uiunganishe upya ndipo uichague tena kwenye kanuni.